Shimo la Kuingia Mwenyewe

Notburga alikuwa anaongea kwa wote wawili. Ndivyo nyumba yao ya Matogoro ilivyokwenda tangu walipooana. Mtu akipita barabarani akauliza, "Mzee Alfonsi, umeamkaje?", Alfonsi akiwa bado anatafuta jibu, mkewe alikwisha kulitoa: ameamka vizuri, mgongo tu ndio unamsumbua, uji ameukataa, na ninyi huko kwenu hamjambo? Alfonsi aliitikia kwa kichwa. Yeye kazi yake ilikuwa tofali. Nyumba nyingi za mtaa ule zilisimama kwa tofali alizofyatua na kuzichoma mwenyewe, na wenye nyumba hizo hawakumbuki siku aliyowaeleza jambo likazidi maneno matatu.

Mwezi wa tano, mvua zikiishia, Notburga alikufa.

Watu waliendelea kumwuliza Alfonsi mambo. Yeye naye aliendelea kunyamaza, akingoja mkewe ajibu. Halafu anakumbuka. Na kwa haya ya kukumbuka anatoa neno la kwanza lililo karibu, liwe limekaa vizuri au halikukaa. Vurugu zote za lile shimo zilianzia hapo.

Shimo lenyewe lilianzia Lituhi. Notburga alikuwa Mnyasa wa huko, mtoto wa ziwani, na kila Krismasi walikwenda kwao. Wakifika tu, kabla hata ya kula usipa, visamaki vya ziwa, wa wakwe, Notburga na dada zake walijifunga khanga wakaingia majini. Walikaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Alfonsi alikuwa Mngoni wa Maposeni. Maji aliyajua ya kwenye ndoo. Alikaa mchangani, akalinda viatu.

"Ingia, bwana wee," Notburga alimwita. "Hayang'ati."

"Kesho," alisema Alfonsi.

Mkewe alitoka majini na uso mwingine kabisa, uso laini, kama mtu aliyepewa habari njema akaambiwa asimwambie yeyote. Miaka yote ile Alfonsi aliuona uso huo na hakuuliza. Sasa, mwenyewe hayupo, ndipo swali lilipomjia na kukataa kuondoka. Kule ndani kulikuwa na nini?

Kwenda kujifunzia Lituhi asingeweza. Ziwa ni kubwa na wakwe ni wengi. Mzee wa umri wake hawezi kuvuliwa shati mbele ya shemeji zake akafundishwa kupiga mateke kama chura. Basi akaamua maji yamfuate nyumbani. Alikwenda uani akatazama. Uani kwake palikuwa padogo. Upande huu jiko la nje, upande ule choo, mbele yake ua wa matete wa jirani. Kilichobaki ni pale pa kuanikia mahindi. Alikaa akapatazama kama alivyokuwa akitazama udongo wa tofali, akaona panatosha. Akachukua jembe na sururu.

Jirani wa upande wa ua alikuwa Kunegunda. Alikuwa rafiki wa Notburga tangu ujana, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Ua wake ulikuwa mfupi kuliko shingo yake.

"Shemeji, za kazi."

"Nzuri."

"Unachimba."

Hilo halikuwa swali. Alfonsi akaliacha lipite.

"Choo kimejaa?"

"Hapana."

"Sasa shimo la nini?"

Alfonsi alisimama, akaegemea mpini. Akangoja. Upande wa jikoni hakujibu mtu. Akakumbuka.

"La kuingia," alisema.

"Kuingia nani?"

"Mimi."

Kunegunda alikuwa ameshika ungo wa ulezi. Ulezi wote ukaenda kwa kuku.

Kufika jioni, kuanzia mashineni mpaka kanisani, kila mtu alikuwa na habari: mzee Alfonsi ameshindwa kuishi bila mkewe, anachimba kaburi lake uani, na amesema kwa mdomo wake. Waliokuwa hawajawahi kumsikia akisema kitu ndio waliosadiki zaidi. Mtu asiyesema akisema, amesema.

Alfonsi mwenyewe alijua kesho yake, alipoletewa kuku. Kuku mzima, wa kienyeji, na wali. Tangu msiba uishe alikuwa akila mchicha wa kujipikia. Alimwangalia Kunegunda, akaangalia kuku.

"Kula, shemeji," Kunegunda alisema kwa sauti ya hospitalini. "Usiwaze mambo. Kula tu."

Akaenda zake anajifuta macho kwa upande wa khanga. Alfonsi akala. Alipofika kwenye paja ndipo akili ilipomfikia. Kuingia. Mimi. Aliangalia shimo, akaangalia mfupa aliokuwa ameushika, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, tumbo lake likaanza kutetemeka lenyewe. Alikuwa anacheka.

Angeweza kwenda kwa Kunegunda akasema ukweli. Alilifikiria hilo. Lakini mzee anayetaka kuogelea watamfanya nini? Watamcheka mpaka azikwe. Afadhali kaburi. Kaburi lina heshima, na lina kuku.

Akaendelea kuchimba.

Aliyefuata kuja ni Urbani, muuza viazi, Mbena wa Njombe, na kwa hiyo mtani wa kila Mngoni aliye hai na aliyekufa. Hakupiga hodi. Alizunguka nyumba, akaliona shimo, akaruka ndani, akalala chali, mikono kifuani.

"Nimekuja kupima," alisema kutoka chini. "Ninyi Wangoni mlituibia ng'ombe wetu, sasa mnataka na kufa kabla hamjawarudisha. Sitoki humu mpaka nipewe kitu."

"Kuna ubawa," Alfonsi alisema.

"Lete."

Urbani alikula ubawa wa kuku akiwa amelala vilevile. Halafu akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Akanyoosha mikono. Haikugusa pembeni.

"Mtani."

"Naam."

"Mbona pana hivi? Hapa wanalala watu wawili na bado mmoja anajigeuza."

Alfonsi alikuwa anachonga ngazi ya udongo.

"La nani na nani?"

Nyuma ya matete kitu kilisogea. Alfonsi alikitazama kile kitu kilichosogea. Alichukua muda wake.

"Mwenye kutaka," alisema.

Siku mbili nzima Kunegunda hakuonekana uani. Kuku wa pili alimtuma mtu mwingine amlete. Wajane wote wa jumuiya walianza kupita barabara ya juu.

Ikabidi katekista aitwe. Katekista Thadei alikuwa mtu mpole, alizoea kufundisha komunyo ya kwanza, hakuzoea watu wa namna hii. Alikaa kwenye kigoda kando ya shimo ambalo sasa lilimfika Alfonsi kifuani upande mmoja, na upande mwingine kiunoni. Alianza mbali, akasifu ngazi. Kisha akakohoa.

"Mzee wangu, siku ya mtu anaijua Mungu."

"Ndiyo."

"Sasa wewe unaharakisha nini?"

"Mvua."

"Mvua imefanyaje?"

"Ikija, inikute tayari."

Mvua kweli zilikuwa zimekaribia. Mtaa mzima mbegu zilikuwa ndani na majembe yametiwa mipini.

"Na umejiandaaje, mzee?"

"Nina turubai."

"Turubai." Thadei alitazama chini. Turubai hufungwa uani siku ya msiba, waombolezaji wakae chini yake. "Umetafuta na turubai la watu kukalia."

"La zamani hilo. La kuanikia mahindi," Alfonsi alisema, kisha, kwa kuwa hilo lilimpa raha, akaongeza, "Halivuji."

"Umeungama?"

"Pasaka."

Thadei alisali hapohapo, akaondoka kwa haraka, na taarifa aliyoipeleka kwenye jumuiya ilikuwa fupi: mzee amekwisha kupanga kila kitu, imebaki mvua.

Hapo utani ulikatika. Kunegunda alikuwa na namba ya Renatha, binti pekee wa Alfonsi, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Dodoma. Alimpigia. Alifanya hivyo uani kwa Alfonsi, simu ikiwa imewekwa sauti ya wote, na wana jumuiya wamezunguka. Aliishika ile simu mbele kama mshumaa wa Pasaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, unachimba nini?"

"Shimo."

"La nini, baba?"

Alfonsi aliangalia nyuso. Thadei. Wamama wa jumuiya na rozari zao. Urbani anatafuna muwa. Neno lilikuwa mdomoni, dogo tu. Aliliona jinsi litakavyotoka na jinsi Urbani atakavyolipokea, na litakavyofika Njombe kabla ya viazi vya wiki ijayo.

"Utaliona," alisema.

Upande wa pili ilisikika kama mtu anavuta kamasi. Halafu ikaja sauti ya Notburga kabisa, ila tu ilitoka kwenye koo la binti yake.

"Jumamosi nipo hapo. Funga nguo zako. Jumapili tunaondoka wote. Nyumba tutapangisha, na hilo shimo lifukiwe hata leo. Mama Kunegunda, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Wote tunakusikia."

Alfonsi hakucheka jioni ile. Dodoma alikujua, aliwahi kukaa huko kwa Renatha. Uani kote ni sementi, na maji yanangojewa kwa madumu. Mtu akihamia kule na swali kama lake, atakufa nalo. Jumamosi ilikuwa karibu, na angani palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa.

Alilitandika turubai shimoni, akalikunja vizuri kwenye pembe, akalikandamiza kingo kwa tofali zake mwenyewe. Akachukua gata ya bati iliyokuwa ikimwaga maji barabarani, akaigeuza mdomo uelekee uani. Akakaa kwenye kigoda, akatazama juu. Wapita njia walimwona anavyotazama juu, wakaharakisha.

Mvua ilikuja Alhamisi. Haikuja kwa adabu. Ilishuka kutoka mlimani ikapiga bati mpaka Alfonsi hakusikia hata kupumua kwake. Ijumaa ikarudi. Maji ya paa zima yakatumbukia shimoni, ya rangi ya chai ya maziwa mwanzoni, baadaye yakatulia. Jumamosi asubuhi jua likatoka, na mtaa mzima ukatakiwa uwe shambani unapanda.

Jumuiya haikwenda shambani. Kulikuwa na jambo la kumaliza kabla Renatha hajafika. Kaburi likichimbwa halifukiwi tupu. Hilo kila mtu analijua, anayesali na asiyesali. Likifukiwa tupu litaita mtu, na mtu mwenyewe litamchagua lenyewe. Dawa yake ni moja: unazikwa mgomba badala ya mtu. Urbani alikata mgomba mnene kwenye bustani yake bondeni, akalalamika kwamba hata msiba wa uongo wa Mngoni unamla Mbena. Wakaubeba mabegani watu wanne, majembe nyuma, wamama wakiimba polepole. Katekista Thadei alitembea mwisho kabisa.

"Mimi nasindikiza tu," alimwambia kila aliyemtazama. "Mambo ya migomba simo."

Walizunguka kona ya nyumba, wakasimama.

Alfonsi alikuwa amekaa ukingoni amevaa bukta tu, miguu majini. Kifua chake kilikuwa cheupe kwa mvi. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kukiona.

Wimbo ulikufa sauti moja moja.

"Limejaa maji," Kunegunda alisema.

"Tunaona," alisema Urbani. "Mtani, hii ndiyo nini? Unazikwa au unachemshwa?"

Alfonsi alingoja mkewe ajibu. Alikumbuka.

"Jamani, mgomba ni mzito," alisema mmoja wa wabebaji. Na kwa kuwa hakuna aliyejua afanye nini kingine, na kazi iliyoanzwa ni kazi ya kumalizwa, wakausogeza mpaka ukingoni wakauachia. Ukazama kwa kishindo, ukawalowesha wote. Kunegunda alianza, "Raha ya milele umpe," na mgomba ukaibuka.

Urbani aliusukuma chini kwa jembe. Ukazama. Ukaibuka upande wa pili.

"Limeukataa," mama mmoja alinong'ona. "Linamtaka mwenyewe."

Wote wakarudi nyuma. Thadei alikuwa amekwisha kufika kwenye kona ya nyumba.

Alfonsi aliutazama ule mgomba. Ulikuwa unaelea mbele yake, unazunguka taratibu, kama umekuja kumchukua. Aliwaza: leo, au Dodoma. Akajiachia.

Maji yalikuwa baridi kuliko alivyodhani. Akaukumbatia mgomba kwa mikono miwili, kidevu juu yake, na miguu yake, ile miguu iliyokanyaga udongo maisha yake yote, ikaacha sakafu yenyewe bila kumwomba ruhusa. Akapiga teke. Mgomba ukasogea. Akapiga la pili, la tatu, akafika upande wa choo, akageuka.

Halafu Urbani alikaa chini palepale kwenye matope. "Anaogelea," alisema. "Mungu wangu, Mngoni anaogelea. La kuingia mwenyewe." Na akaanza kucheka kicheko cha kukosa pumzi, cha mtu anayeomba asaidiwe.

Ndivyo Renatha alivyowakuta. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake, akamkuta katekista anakimbia, akakimbia upande aliotoka katekista. Aliona majembe. Aliona watu wamelizunguka shimo, mmoja yuko matopeni anajipigapiga mapaja. Akaona kichwa cha baba yake ndani.

"Baba."

Alfonsi aligeuka kumtazama, na mkono ukateleza. Mgomba ukaenda huku, yeye huko. Maji yalikuwa ya kifuani tu, angeweza kusimama, lakini hilo halikumjia. Alikunywa ya kutosha kabla Renatha hajaangusha begi na kuingia na gauni lake la safari, na saa mkononi.

Akamshika kwapani, akamwinua. Alfonsi alikohoa. Walitazamana.

"Kaburi, baba?"

"Bwawa," alisema Alfonsi. Neno lilitoka dogo, kama alivyoliogopa. Alipoona limetoka na bado yu hai, akaongeza, "Nilitaka kujua mama yako alikuwa anafuata nini."

Renatha alifungua mdomo. Alikuwa amepanga maneno tangu Dodoma, safari nzima. Aliyaacha yote. Alipitisha kiganja kimoja chini ya kisogo cha baba yake, kingine chini ya mgongo.

"Hivyo ulivyokuwa unafanya hutajua," alisema. "Unapigana nayo. Lala."

"Nilale wapi?"

"Juu yake. Mabega yaachie. Kichwa nipe mimi. Mama alinifundisha hivihivi, wewe umekaa pale mchangani hututazami."

"Nilikuwa nawatazama."

"Lala, baba."

Alfonsi alilala. Masikio yakaingia chini ya maji, na dunia ikafungwa kama mlango. Aliwaona wote juu yake na wote midomo inakwenda. Kunegunda alikuwa anaeleza jambo kwa mikono miwili, bila shaka anaeleza kwamba yeye tangu mwanzo alishuku. Hakusikia hata neno. Alisikia moyo wake tu, taratibu, mbali, kama mtu anayetwanga kijiji cha pili.

Kumbe ndicho hiki.

Mwanamke aliyeongea kwa wawili, asubuhi mpaka usiku, aliyejibu maswali ya watu wote na ya mumewe juu, alikuwa na mahali pake ambapo hakuna wa kumwuliza kitu. Alikuwa anakwenda kupumzika zamu ya kuongea. Na mumewe, amekaa nje na viatu, alidhani anacheza.

Machozi yakamtoka, yakaingia majini, hakuna aliyejua.

Alipoinuliwa, Kunegunda alikuwa bado hajamaliza.

"...na kuku wangu wawili, shemeji. Wawili. Nilikupikia kwa ajili ya kufa."

"Walikuwa watamu," Alfonsi alisema.

"Hutoi hata pole?"

"Pole. Unataka kuingia?"

Alikuwa amejibu papo hapo. Hakungoja mtu. Kunegunda alilitambua hilo kabla yake, akanyamaza, jambo ambalo jumuiya ililizungumza kuliko bwawa. Halafu akavua kandambili. Hakuingia zaidi ya magoti siku ile, na khanga aliishika vizuri, na Urbani akaamriwa ageuke atazame choo.

Jioni, baba na binti walikaa ukingoni wakila ugali. Gauni la Renatha lilikuwa linakauka kwenye kamba.

"Nilikuja kukuchukua, baba."

"Najua."

"Nilishaomba ruhusa kazini. Chumba nimekuandalia."

"Huko uani kwenu kuna sementi."

"Ipo."

"Inavunjika?"

Renatha alimtazama kuona kama ni utani. Kwa baba yake ilikuwa vigumu kujua. Alichovya kidole majini akakizungusha.

"Hili halina hata pa kutolea maji," alisema. "Yatanuka. Unahitaji bomba la chini, na dawa ya kuyatakasa. Na hapo pana kina pafungwe kamba ya kushikilia. Huo mgomba utaoza."

"Utanionyesha?"

"Kesho."

Jumapili walipiga hesabu ya mabomba badala ya kufunga nguo. Jumatatu asubuhi Renatha alipanda basi la Dodoma peke yake, na udongo wa Matogoro bado uko kwenye nywele.